Mbwa wa kuwinda na mbwa wa zizini: yupi akufae?

Wiki haiishi bila mtu kunipigia simu kuulizia mbwa. Wananijua kwa sababu ya mbuzi ninaowafuga Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na pia kwa sababu niliwahi kukosea kuchagua na kosa lile likanigharimu. Swali huja kwa maneno yaleyale: "Kaka, nataka mbwa mkali wa shamba, nichukue yupi?" Nami humrudishia swali: mbuzi wako akikurupuka akatoka mbio, unataka mbwa afanye nini?

Wengi hukaa kimya kidogo. Hapa mjini mbwa tumezoea kumpima kwa ukali tu: anabweka vipi, meno yakoje, wageni wanamwogopa kiasi gani. Lakini mbwa wa kuwinda anaweza kuwa mkali na mbwa wa zizini akawa mkali vilevile. Tofauti yao iko katika kile kinachowaka kichwani mwao mnyama anapokimbia mbele ya macho yao.

Mbwa niliyeuziwa

Mwaka juzi niliuziwa dume mmoja mwekundu, kifua kipana, mwenye ule mstari wa manyoya yaliyolala kinyume mgongoni. Muuzaji aliniambia mababu wa mbwa huyo walikuwa wakipambana na simba, kwa hiyo kulinda mbuzi kwake ni kazi ya mchezo. Kuhusu mababu hakudanganya. Mstari ule ni alama ya Rhodesian Ridgeback, mbwa wa kusini mwa Afrika mwenye damu ya mbwa wa Wakhoikhoi, wenyeji wa kale wa huko, ambaye sifa zake rasmi ziliandikwa Bulawayo, Zimbabwe ya leo, mwaka 1922. Walimtumia kumfuata simba, kumzingira na kumbwekea mpaka mwenye bunduki afike. Hiyo ni kazi ya kuwinda. Mimi nilisikia neno "simba" nikaelewa "mlinzi".

Alikaa miezi mitano bila tatizo. Asubuhi moja nilikuwa nimeshika ndoo ya pumba, yeye yuko huru uani. Mtoto wa mbuzi wa siku tisa, mweupe mwenye doa shingoni, alikuwa akirukaruka kiupandeupande kama wanavyofanya wakishashiba maziwa. Nikamwona mbwa amesimama ghafla. Alikuwa akihema kwa joto, ulimi nje, akafunga mdomo. Masikio mbele, mguu mmoja wa mbele ameukunja, macho hayapepesi. Hakunguruma wala hakubweka. Mtoto aliporuka tena, mbwa akaondoka. Alimdaka shingoni akamtikisa mara mbili, na nilipofika mambo yalikuwa yamekwisha. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alinigeukia, mtoto yule yuko mdomoni, mkia unatikisika, ananitazama usoni akingoja nimsifu.

Sikumpiga. Alifanya kazi aliyozaliwa nayo. Mimi ndiye niliyempa fisi alinde bucha.

Hatua za kuwinda, na zilizofifia

Mnyama anayewinda hupita hatua zinazofuatana: humwona mnyama mwingine, humkazia macho, humnyemelea, humkimbiza, humkamata, humuua, kisha humrarua. Kwa vizazi na vizazi binadamu amekuwa akizalisha mbwa kwa kuzitazama hatua hizo, akikuza hii na kufifisha ile. Wapo mbwa wanaoishia kwenye kukazia macho, wakasimama kama sanamu kumwonyesha mwindaji ndege alipojificha. Wapo wanaokamata kwa mdomo laini wakaleta bata mzima bila kumtoboa. Wanaofukuza kwa macho kama Greyhound walikuziwa mbio, wanaofuata harufu kama Beagle wakakuziwa pua na subira, na wale wadogo wa mashimoni wakakuziwa kuua panya na wenzake. Hata mbwa wanaoswaga kondoo kama Border Collie, ambao watu huwachanganya na walinzi, wanatumia hatua za kuwinda: kukazia macho, kunyemelea, kukimbiza. Wamezuiwa tu wasifike kwenye kuua.

Mbwa wa kulinda mifugo yuko mbali na hao wote. Kwake hatua hizo zote ni hafifu. Mbuzi akikimbia, yeye huinua kichwa kutazama kilichomtisha mbuzi. Watafiti wawili wa Marekani, mume na mke, Raymond na Lorna Coppinger, walioanza kuwachunguza mbwa hawa miaka ya 1970, walisema mbwa mzuri wa zizi ana mambo matatu: hawadhuru mifugo, anaambatana nayo, na anaikinga. Nimeshika mpangilio huo kwa sababu watu wetu huanzia la tatu, wakati la tatu bila lile la kwanza ni hasara tupu.

Na kulinda kwenyewe si kupigana kama wengi wanavyodhani. Mara nyingi ni kubweka, kukojolea mipaka, na kujiweka katikati ya hatari na kundi. Mnyama mwenye njaa akikuta mbwa mkubwa amesimama mbele yake, naye hakimbii wala hamfuati, mpango wake huvurugika. Huenda kutafuta mlo penye tabu ndogo.

Anazaliwa nusu, nusu nyingine unamtengeneza

Hapa ndipo nitakawia, kwa sababu ndipo wanunuzi wa Dar tunapoharibu. Unaweza kuleta mbwa wa damu safi kabisa ya ulinzi ukamharibu kwa kumlea vibaya.

Mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi cha kujua nani ni wenzake. Kinaanza kama wiki ya tatu na kufifia karibu na wiki ya 12 hadi ya 14. Anachokutana nacho humo, harufu, sauti, miguu ya mbuzi inayomkanyaga, ndicho atakachokihesabu kuwa ni familia. Australia, kwenye kisiwa cha Middle Island karibu na mji wa Warrnambool, mwaka 2006 walianza kutumia mbwa wa Kiitaliano aina ya Maremma kulinda pengwini dhidi ya mbweha, na pengwini ni ndege! Mbwa analinda alichozoeshwa.

Njia yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1833 Charles Darwin alipita Uruguay akashangaa kukuta kondoo wengi wakichungwa na mbwa mmoja au wawili, maili kadhaa kutoka nyumba yoyote. Alieleza wanavyowalea: mtoto wa mbwa huachishwa mama yake mapema, kondoo jike hushikwa mara tatu nne kwa siku ili amnyonyeshe, hutengenezewa kitanda cha sufu ndani ya zizi, na haachwi acheze na mbwa wengine wala na watoto wa nyumba. Akiwa mkubwa, huja nyumbani kila siku kuchukua nyama yake na kuondoka nayo kinyonge, huku mbwa wa nyumbani wakimfukuza. Akishafika kwa kondoo wake tu, hugeuka na kuwabwekea, na wale waliomfukuza wote hutimua mbio.

Huku kwetu huna haja ya kumnyonyesha kwa mbuzi. Mwache na mama yake mpaka wiki ya saba au ya nane, kisha mpeleke moja kwa moja zizini, si barazani. Mtengee kona yenye kijitundu ambacho yeye anapita na mbuzi hapiti, ili akizidiwa akimbilie humo. Mweke na majike wazima wapole; beberu mkorofi anaweza kumvunja mbavu au akamtia woga wa maisha. Mshike, mpime, mzoee ili daktari naye aweze kumshika, ila mchezo wake uwe huko huko kwa mbuzi. Ukimzoesha kulala mlangoni kwako na kurushiwa mpira, utapata mbwa mzuri wa nyumbani na zizi litabaki halina mtu.

Halafu uwe na moyo. Kati ya miezi minane na mwaka na nusu mbwa wa zizi huingia ujana: anavuta masikio ya mbuzi, anawakimbiza vitoto kwa mchezo. Wengi humtoa hapo wakisema hafai. Mkemee palepale, mtenge na vitoto unapokuwa haupo, umpe muda. Kabla hajafika miaka miwili hujamjua bado.

Mbwa wa kuwinda malezi yake ni kinyume chake kabisa. Yeye lazima awe wako. Aishi karibu nawe, ajue jina lake, ajue "njoo", "acha", "leta", na mazoezi yawe kila siku, maana kazi yake ni ya watu wawili, wewe na yeye. Ukimfunga mnyororo mchana kutwa atakula mlango. Mbwa wa zizi huamua mwenyewe usiku wa manane bila kukuuliza, kwa hiyo usitarajie utii wa kijeshi. Ukimwita atakutazama, atatazama mbuzi, kisha pengine atakuja.

Usiku mmoja

Baada ya hasara ile nilimchukua jike wa kienyeji, rangi ya udongo, akiwa mtoto wa miezi miwili, nikamlea kama nilivyoeleza. Alipokuwa na mwaka na miezi kumi, kundi la mbwa koko lilitujia kama saa nane za usiku. Kwa sisi tunaofuga pembezoni mwa Dar, mbwa koko ndio fisi wetu: wanaingia watano sita, wanaua zaidi ya wanachokula.

Nilimulika tochi kwenye pengo la uzio ambalo kijana wangu alikuwa hajaliziba. Jike alikuwa amesimama hatua tatu ndani ya pengo, mbuzi wamejibana nyuma yake. Mbweko wake ulikuwa mzito, wa kukatakata, tofauti na ule wa kuwabwekea wapita njia. Mmoja wa koko aliingiza kichwa. Jike akaruka mbele, akamkosakosa, akarudi palepale alipokuwa. Walipoondoka hakuwafuata. Alizunguka zizi mara moja, akanusa pengo, akakojoa, akalala kulielekea.

Yule dume mwekundu angewafuata mpaka Msongola, na zizi lingebaki wazi kwa wale waliobaki nyuma. Hapo ndipo nilipoiona tofauti kwa macho yangu.

Mambo ya Dar

Joto. Mbwa wa zizi wanaosifiwa duniani wengi wametoka nchi za baridi. Yule mweupe mwenye manyoya mazito wa milima ya Pirenei, kati ya Ufaransa na Hispania, mimi simshauri mtu wa Dar. Mbwa hupoa kwa kuhema, na hewa yetu ya Februari ina unyevu mwingi, kuhema hakumsaidii vya kutosha. Anayeweza kuvumilia zaidi ni Kangal au Anatolia wa Uturuki, mwenye manyoya mafupi kiasi. Ndio wanaotumiwa Namibia na shirika la kuhifadhi duma, Cheetah Conservation Fund, tangu mwaka 1994 ili wafugaji waache kuua duma, na wafugaji wa Kibarabaig karibu na Hifadhi ya Ruaha nao walipewa mbwa wa ukoo huo. Lakini huyo ni mbwa wa kilo 40 hadi 60 na zaidi. Mkono mtupu haulambwi: sufuria yake ni kubwa, na kupe wetu hawamwonei huruma mgeni. Utumbo na mapafu ya machinjioni mchemshie vizuri kwanza, kwa sababu mifuko ya maji iliyomo inaweza kumpa minyoo ambayo mayai yake humrudia binadamu.

Kelele. Mbwa wa zizi hubweka usiku, ndiyo kazi yake. Goba au Kinyerezi, ambako kuta zimegusana, utagombana na majirani. Mbwa wa kuwinda kwa kawaida hutulia zaidi usiku akichoshwa mchana. Basenji wa Kongo ndiye mtulivu kuliko wote. Habweki kama mbwa wengine, hutoa sauti kama ya kuimba, na wawindaji wa huko humfunga kengele ya mti ili wajue alipo. Jina lake ni ndugu wa neno letu "washenzi", tusi ambalo mbwa yule mwerevu hakustahili.

Uzio wote wawili wanauhitaji, kwa sababu tofauti. Wa kuwinda hutoka kwa kufuata harufu na hurudi usiku, au harudi. Wa zizi huupanua mpaka wake kidogokidogo mpaka mtaa mzima unakuwa wake.

Sheria ndiyo inayonifanya nisisitize zaidi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda mnyama pori bila leseni au kibali. Pande ni pori la akiba, Pugu na Kazimzumbwi ni misitu ya hifadhi, na zote ziko jirani na makazi yetu. Mbwa wako akiingia humo akatoka na paa mdomoni, wa kujieleza ni wewe. Kama nguruwe pori wanamaliza mihogo yako upande wa Kisarawe, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya kabla hujaenda kwa muuza mbwa.

Dini. Mimi ni Mwislamu na wengi wanaoniuliza ni Waislamu, wengine wananong'ona kama wanaoulizia kitu cha aibu. Hadithi maarufu inayosema mwenye kufuga mbwa hupungukiwa thawabu kila siku imewatoa hao hao tunaowazungumzia: mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Na Surat al-Maida, aya ya 4, inazungumzia windo la wanyama waliofundishwa kuwinda. Kwa hiyo pande zote mbili zina nafasi, mradi kazi iwe ya kweli. Mate yake ni jambo jingine. Kwa sisi wa madhehebu ya Shafi, chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mpe bakuli lake, likae zizini, yaishe. Hapo tena mbwa wa zizi ana nafuu: hana shughuli ndani ya nyumba.

Chanjo haina kulinganisha. Kichaa cha mbwa, kila mwaka, awe wa kuwinda au wa zizi. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama mbwa anaonekana mzima. Muulize daktari pia kuhusu distempa: mwaka 1994 ugonjwa huo uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Basi nani achukue yupi

Kama una mbuzi, kondoo au ndama Chanika, Kimbiji, Mabwepande, na mbwa anaweza kuishi nao mchana na usiku, chukua wa zizi. Wala si lazima awe wa Uturuki. Botswana wanawatumia mbwa wao wa kienyeji, na Wanavaho, wenyeji asilia wa Marekani, wanalinda kondoo kwa mbwa chotara wasio na ukoo wowote unaojulikana, waliolelewa tu ndani ya zizi. Mbwa wetu wa kienyeji anakula kidogo, anavumilia joto, na kupe amewazoea. Kwa kundi kubwa mmoja hatoshi. Lea wawili, kwa kupishana umri.

Kama huna mifugo, ila una ghala la chakula cha kuku linaloliwa na panya, au wewe ni mtu wa kukimbia alfajiri na unataka mwenzio, mbwa mwenye damu ya kuwinda atakufurahisha sana. Ni mwerevu, anakupenda waziwazi, anajifunza haraka. Dume wangu mwekundu sasa yuko kwa rafiki yangu Kigamboni anayekimbia ufukweni kila siku, na sijawahi kumwona mbwa mwenye raha kama yule.

Mwenye kuku peke yake nitamwambia ukweli: jenga banda imara kwanza. Nguchiro, kicheche na kenge hupita penye tundu la kiganja. Mbwa wa kuwinda atawamaliza hao kisha atageukia kuku, na mbwa wa zizi kuzoea ndege wanaopigapiga mabawa ni kazi ndefu kuliko mbuzi.

Usimchukue chotara wa pande hizi mbili ukidhani utapata vyote. Mshika mawili moja humponyoka. Na hapa kinachoponyoka ni ile tabia ya kutomgusa mbuzi.

Ukienda kununua mtoto wa zizi, usiende mchana muuzaji akakuletea kikapuni. Nenda jioni mifugo inaporudi, umtazame mama yake. Nilipokwenda kumchagua jike wangu, kwa mzee mmoja mfugaji nje ya Pugu, nilimwamkia, akaniambia nikae kwenye gogo ningoje. Ng'ombe wakaingia, vumbi likajaa. Mama wa wale watoto alikuwa amelala katikati ya ndama. Ndama mmoja akamkanyaga mkia. Akauvuta mkia, akauweka upande wa pili, akaendelea kutazama njia waliyotokea ng'ombe. Nikamwambia mzee nimeshaona, nikatoa hela.